Mkono wa Mama Rahima

Mwandiko ulikuwa wangu. Nalisema hili mapema, kwa sababu Chiwata nzima iliamini Stamili alijiandika mwenyewe, na yeye hakunitaja hata siku mama yake alipomchapa kwa fimbo ya mpera akitaka kujua nani kamfundisha upuuzi ule.

Ilikuwa mwaka themanini na moja, msimu wa korosho, tuna miaka kumi na sita. Wasichana wa kwetu tulikuwa na ujinga wetu: unapasua korosho mbichi, unachovya kijiti kwenye mafuta ya ganda, unaandika jina la mpenzi juu ya ngozi. Mafuta yale yanaunguza, na jina linatoka jeusi. Stamili alimpenda Alfredi, golikipa wa timu ya kijiji. Mimi Agatha nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko darasa zima, basi nikamwandikia, herufi kubwa saba, kutoka bega la kulia mpaka kiwiko. Nikazidisha mafuta. Mkono ulivimba, ukatoka malengelenge, na ulipopona herufi zilibaki zimeinuka, rangi ya majivu, kila moja inasomeka. Mwaka uliofuata Alfredi akamwoa Flora, wakamzaa Petro.

Aliyemwoa Stamili ni Nurdin, mkulima wa maneno machache. Watu walipomchokoza kama hajasoma alichokioa, alijibu, "Mkono ni wa kulimia, si wa kusomea." Nilimpenda kwa jibu lile. Hata hivyo mkewe aliishi amejitanda kanga, na mitumba iliporuhusiwa nchini, Nurdin kila alipokwenda mnadani alimletea blauzi ya mikono mirefu. Jua la Oktoba linachemsha mabibo chini ya mikorosho, na Stamili anaokota korosho kajifunika mpaka viganjani. Miaka kumi na miwili. Hakuna aliyelisema jambo lile nyumbani mwao, na mimi mwandishi nilikuwa wa kwanza kunyamaza.

Mwaka tisini na tano binti yao, Rahima, akafikia umri wa kuchezwa unyago. Kwetu, siku ya kumtoa mwali, mama yake hucheza katikati ya watu, kanga kifuani, mabega na mikono wazi. Asipocheza, ni aibu kwa mtoto. Na ngoma ile haina adabu: kinachoonekana kinaimbwa. Flora alishaanza kujinoa kisimani. "Mume wangu ana shamba kwa Nurdin," aliwaambia wenzake, "lina hati kabisa, nendeni mkasome." Nilitaka kumpiga na ndoo. Stamili akanishika.

Njiani alilia. "Wakiniimba mimi, nimezoea. Lakini wimbo ule atabaki nao Rahima mpaka anazeeka."

Hapo nikamwambia twende Newala, kule Makote, kwa Bibi Isabela. Bibi yule alivuka Ruvuma akiwa mtoto, na ndiye pekee niliyemjua ambaye bado alikata nembo, zile chale za urembo za wazee. Uso wake wote ulikuwa mistari ya kijivu, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu lililobaki wazi baada ya kuvua ndonya, kile kigingi cha urembo. Tulimkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu." Akaushika mkono wa Stamili, akaugeuza. "Nani kaharibu ngozi hii?"

"Mimi," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele ya mtu.

"Una mkono mbaya."

"Ni jina, bibi," Stamili akasema. "Waliosoma wanalisoma."

"Mimi sikusoma. Naona vidudu saba vimelala ovyo. Nitavijengea nyumba."

Alitaka kutumia kisu chake cha zamani. Nikatoa pakiti ya nyembe mpya, maana redio ilikuwa inahubiri UKIMWI asubuhi na jioni, nikamwambia bila hizi tunarudi Chiwata. Alinuna, akazichukua. Akakata, akapaka mkaa wa mbarika uliosagwa laini, akasugua. Stamili alinibana kidole gumba mpaka kikafa ganzi.

Wiki tatu baadaye magamba yakabanduka, tukaona balaa. Mistari mipya ilikuwa ya kijivu sawasawa na herufi. Jina lilionekana vilevile, tena limezungushiwa.

"Sasa shamba limepata uzio," nikasema, na papo hapo nikatamani ulimi ukatike. Stamili alicheka mpaka akakaa chini.

Tulipopanda tena Makote, Bibi Isabela hakucheka. "Nembo ya mara moja ni majivu," alisema. "Inakatwa palepale tena, na tena, ndipo inakuwa nyeusi. Wasichana wa siku hizi wanakimbia baada ya ile ya kwanza."

"Kata," Stamili akasema.

Alikatwa Septemba, akakatwa Novemba. Kukata juu ya kidonda kilichopona kunauma kuliko mara ya kwanza, mwulize yeye. Nurdin hakuuliza chochote. Alifyeka chini ya mikorosho peke yake, akachota maji mwenyewe, wanaume wenzake wakamcheka, akaendelea kuchota.

Desemba mwali akatolewa, saa nne asubuhi, uwanja umejaa. Stamili akaingia katikati, akaiangusha kanga ya mabegani.

Kutoka bega mpaka kiwiko alikuwa amejaa pembe nyeusi kama mapaa ya nyumba, zimepangwa moja juu ya nyingine, na ndani ya kila pembe kivuli cha kijivu. Kile kijivu ndizo herufi zangu, zimekatwakatwa, zimekuwa pambo. Mimi niliyeziandika nilitafuta ilipoanzia ya kwanza, sikuiona. Flora alikuwa na wimbo wake mdomoni. Alifungua kinywa, akatazama, akakifunga. Kungwi ndiye aliyepiga kigelegele, kisha akaimba, "Mama mwali chui, nani atamgusa?" na wanawake wote wakaitikia. Mwali hutakiwa kuinamisha macho siku ile. Rahima aliinua uso akamtazama mama yake wazi kabisa, na kungwi akajifanya hakuona. Nililia kwa furaha, sikujali nani ananitazama.

Ngoma ilipopumzika Alfredi alisogea kutoa pongezi. Macho yake yalipanda ule mkono, yakashuka, yakapanda tena. Alitafuta jina lake, hakulipata. Stamili alimwachia muda wa kutosha, kisha akamwambia, "Karibu pilau, Baba Petro."

Jumamosi iliyofuata Nurdin alirudi kutoka mnadani na blauzi mpya ya mkewe, nyekundu, haina mikono. Aliiweka mapajani mwa Stamili, mimi nikiwa palepale nabangua korosho.

"Mama Rahima," alisema, "naona mwaka huu kuna joto."