Asali ya Posa

Nilibeba stendi ya kamera, betri mbili na taa ambayo haikuwashwa hata mara moja. Mwenye mali hiyo, kijana wa mtaa wa Free Area anayetengeneza video za mtandaoni, alibeba simu yake na chupa ya maji. Alikuwa amefika stejini Nakuru akiuliza nani anajua njia ya kwenda kwa watu wa asali, huko juu ya Elburgon, pikipiki zinakoshindwa. Niliinua mkono. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijawahi kusikia habari ya mlima nikatulia kabla ya kuona upande wake wa pili.

Tulipanda mlima asubuhi yote, tukapita mashamba ya viazi, kisha mianzi, kisha mitarakwa. Kijiji chenyewe ni nyumba chache za mbao zinazotazama bonde. Mwanamume wa makamo alitukaribisha kwake, na mkewe akatuletea maziwa lala, kila mmoja kikombe chake. Kijana alinusa chake akakisukuma kwangu.

"Boss, nisaidie na hii."

Mama alikuwa amesimama hapo hapo. Nikanywa vyote viwili, na hasira ilianzia hapo.

Kisha kijana akaanza kuomba. Aliomba kofia ya ngozi ya mwenye nyumba aivae kwenye video, ikavuliwa. Akaomba kigoda, mwenye nyumba akasimama akampa. Huko juu mgeni akiomba ulicho nacho, unampa. Niliona kijana akilielewa jambo hilo, na akatabasamu.

"Sasa mzee, nataka nikurekodi ukitoa asali."

Mzinga ulikuwa gogo lililochongwa, limelazwa juu kabisa kwenye mtarakwa nyuma ya nyumba.

"Huo bado," mwenye nyumba akasema. "Nyuki wanalea watoto. Ukifungua sasa wanahama. Na ni huo tu ulipata nyuki mwaka huu. Kijana yangu anaposa. Asali ya posa inatoka kwa mzinga ya nyumbani. Ukipeleka ya duka wanakurudishia."

"Kidogo tu, mzee. Tumetoka mbali. Unataka nirudi mikono mitupu?"

"Mwambie hapana," mke akasema.

Mumewe hakugeuka. Aliwasha kuvu kavu ya kufukizia nyuki, akafunga kamba kiunoni, akapanda.

Aliteremka na kipande cha sega kwenye jani, kope zimeanza kuvimba. Asali haikuwamo. Kila tundu lilikuwa na mtoto wa nyuki, mweupe, laini. Kijana wa video akaisogeza simu karibu, akakunja uso wake mzuri.

"Wasee, hawa watu wanakula funza."

Akacheka, kisha akarekodi tena, eti ya kwanza haikutoka vizuri.

Nilimgeukia mwenye nyumba, maana nilikuwa nimemkasirikia yeye pia. "Ungemkatalia."

"Ni mgeni."

"Ni mjinga."

"Mgeni pia anaweza kuwa mjinga," akasema, akipangusa jicho.

Nyuki walijikusanya kwenye tawi moja kama kikapu cheusi. Tuliwatazama. Baadaye wakainuka wote, wakaelea juu ya paa, wakavuka ukingo wa mlima. Mama alisimama uani mpaka mlio wao ukaisha kabisa.

"Sasa ni wewe utamwambia kijana yako," akamwambia mumewe, akaingia ndani.

"Boss, beba twende," kijana akaniambia.

"Beba mwenyewe."

Hakubeba. Mwenye nyumba aliinama, akaitia stendi begani, akatangulia njiani, kwa kuwa kwao mgeni husindikizwa. Alitembea akipapasa kwa mguu, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Tulipofika kwenye mianzi akauliza, kwa adabu ile ile, "Hiyo video, mtu wa Karagita anaweza kuiona? Kijana yangu anafanya kazi ya maua huko."

"Ataiona tu, mzee. Hata kesho."

"Basi hakuna haja nimpigie."

Nilimpokonya ile stendi nikaitupa korongoni, nikaisikia ikigongana na mawe. Kijana alinitukana mimi na mama yangu. Nilimngoja aifuate, nilitaka sana aifuate.

Aliyeifuata ni mwenye nyumba. Ni mali ya mgeni, akasema, na akaanza kuteremka akishika mianzi, akipapasa, huku mimi nikimwita arudi.