Ukimya wa Mama Georgette

Tunawatangazia waamini wa Likasi, wa Kongo nzima na wa mabara yote kwamba mtakatifu amepatikana. Yuko jikoni, nyuma ya bweni la wavulana, anagombana na kuni mbichi.

Alizaliwa Kapolowe mwaka 1979, mtoto wa tano wa mkulima wa mahindi, akabatizwa Georgette. Alifiwa na mume angali kijana, akaja Likasi, na kwa miaka kumi na tisa amewapikia bukari, ndio ugali wetu, wanafunzi wa shule yetu. Mungu alimjalia mikono yenye nguvu na sauti inayosikika hadi ng'ambo ya reli.

Mwito ulimfikia mwaka 2023, ilipotangazwa kanisani kwamba wanatafutwa walei sita wa kwenda kutumikia Brazili kwa miaka mitatu. Alikuwa wa kwanza kusimama. Alifuata pasipoti Lubumbashi, akachanjwa homa ya manjano, akajifunza Kireno kwa simu huku akisonga. Miezi miwili kabla ya safari sanduku lilikuwa limefungwa. Ndani yake, katikati ya vitenge, alilaza mwiko wake mkubwa, kwa kuwa hakuwa na hakika kama ng'ambo ya bahari angepata wa kusongea bukari.

Jaribu lake lilikuwa mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri kupita wote, ambaye kila Jumatatu alimwandikia vyakula vya wiki kwenye ubao wa bwalo. Siku moja kijana huyo alichukua samaki wawili badala ya mmoja.

"Weye!" Mama alipaza sauti mbele ya wavulana mia mbili. "Tumbo yako iko na milango ngapi?"

Bwalo zima lilicheka. Wiki nzima aliitwa Milango.

Ndipo barua ikafika, eti kutoka jimboni, kwa Kifaransa safi, yenye muhuri uliochongwa kwenye soli ya kandambili. Ilimwagiza mmisionari mteule ajizoeze ukimya siku thelathini, asimkemee mwanafunzi wala asimjibu mtu yeyote, hata padre, kwa maana huo ndio mtihani wenyewe. Mama aliibusu barua hiyo. Kesho yake bwalo lilitulia, na kijana akala samaki watatu.

Siku ya kumi na mbili alifika Padre Gauthier, aliyetumwa kuwahoji wasafiri.

"Mama, kwa nini unataka kwenda?"

Mama alitabasamu.

"Watoto wako wamekubali?"

Alitabasamu tena, machozi yakimlengalenga. Kijana alikuwa akifagia barazani, na mlango ulikuwa wazi. Neno moja la kijana lingetosha. Aliendelea kufagia. Padre aliandika kwamba mama huyu hayuko tayari, akaondoka. Nafasi yake ingepewa mwingine mwisho wa mwezi.

Mkurugenzi wa shule alipomuuliza mama sababu ya ukimya wake, mama alimwonyesha barua, naye akautambua muhuri wa uongo. Alitupanga sote uani.

"Mama Georgette, unamjua aliyeandika?"

Asubuhi hiyo mama alikuwa ameonekana chini ya ubao wa bwalo, barua mkononi, akilinganisha herufi moja baada ya nyingine. Alitutazama, akafika kwa kijana, akapita. Hakusema kitu.

Jioni alisonga kwa mwiko mkubwa, ule wa sandukuni. Zamu ya kijana ilipofika, alimwekea samaki wawili.

"Ile barua uliandikaka muzuri, mutoto," alimwambia polepole, wengine wasisikie. "Kula."

Samaki wale hawakulika.

Maisha ya watakatifu huishia kwa kifo na miujiza. Mama Georgette ni mzima, na muujiza wake ni mmoja tu, nao haujulikani na mtu ila yeye na yule kijana. Anayetaka kumwiga aanze kwa kusema ukweli mapema kuliko nilivyousema mimi. Kijana yule ni mimi, Exaucé Ilunga. Nakala ya kwanza ya maandishi haya imeshapelekwa kwa Padre Gauthier, kabla orodha ya wasafiri haijafungwa. Ya pili nitaisoma bwaloni kwa mdomo wangu. Mara ya kwanza mama alinyamaza kwa sababu nilimdanganya. Mara ya pili hakuna aliyemwamuru.