Nilimkana Mtoto Getini kwa Ajili ya Kadi ya Mwaka

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabisa ili mtu asihangaike kunitetea, maana nimeshajitetea mwenyewe miezi yote hii na nimechoka kujisikiliza.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina saluni hapa Karatu mjini. Mume wangu ni dereva wa watalii. Msimu wa wageni ukichanganya, namwona siku moja kwa wiki: analeta nguo za vumbi, analala, anaondoka tena kushuka kreta ya Ngorongoro. Mimi ni Mchaga wa Rombo, yeye ni Mwiraqw wa hapa hapa, kwao ni Ganako.

Na kuna Paskalina. Hilo siyo jina lake, jina lake halina haja ya kuchafuliwa na mambo yangu. Ni mtoto wa marehemu kaka yake mume wangu. Alikuja kwetu akiwa na miaka minne, sasa ana kumi na mitatu. Kwa taratibu mimi ni mama yake mdogo, lakini tangu siku za mwanzo aliniita mama tu, bila hiyo "mdogo". Wanangu wa kuzaa, Glory na Brayan, wamekua wakijua huyu ni dada yao mkubwa. Hakuna aliyewahi kukaa nao kuwaeleza tofauti. Mimi mwenyewe nilikuwa naisahau.

Sasa sikieni ujinga wangu!

Mwaka huu ilifunguliwa bustani ya michezo ya watoto, njia ya kuelekea geti la Ngorongoro. Bwawa la kuogelea, slaidi za maji, treni ndogo inayozunguka, lile puto kubwa la kurukia, kila kitu. Watoto wa Karatu wakachanganyikiwa. Glory akawa haongei kitu kingine. Kiingilio chake sasa! Ukiingia na watoto watatu ukatoka, unajiuliza kama umetoka bustani au umetoka benki kulipa mkopo.

Halafu wakatangaza kadi ya mwaka. Unalipa mara moja, wazazi wawili na watoto watatu, mnaingia siku yoyote mwaka mzima. Bei yake ilikuwa kama mbuzi wawili wazuri mnadani. Jamani, nilihangaika na ile kadi! Nasuka kichwa cha mteja huku nahesabu: tukienda mara ngapi hela itakuwa imerudi? Na mvua je? Na kipindi cha mitihani? Nilimpigia mume wangu akiwa Serengeti, mtandao unakatika katika, akasema, "Fanya unavyoona, mradi watoto wafurahi." Watoto, alisema. Hakuhesabu wangapi, kwa sababu yeye hajawahi kuhitaji kuhesabu.

Aliyenimalizia hesabu ni mama Junior, mwenye duka la vipodozi ubavuni mwa saluni yangu. Ana mtoto mmoja tu, huyo Junior.

"Mama Glory," akaniambia, "mbona unajitesa? Tuchangie. Mwandike Junior wangu kama mwanao, mimi nakupa nusu ya bei."

"Nafasi ni tatu, na mimi nina watatu."

"Paskalina? Si kila Jumamosi na Jumapili yuko Ganako kwa bibi yake? Nafasi yake itakaa bure mwaka mzima!"

Na ni kweli. Wikiendi nyingi Paskalina alikuwa anakwenda kumsaidia bibi yake shambani na kumchotea maji. Nikaona mama Junior ana akili. Nikaona nimepata kadi kwa bei ya mbuzi mmoja. Nilifurahi mpaka nikamsuka mteja aliyefuata kwa punguzo!

Ila sikumwambia mtoto. Hapo ndipo pa kwanza nilipokosea, na nilijua nakosea, maana nilisema moyoni, "Nitamwambia baadaye."

Jumamosi ya kwenda kuchukua kadi, naamka, namkuta Paskalina kaoga, kavaa lile gauni lake la Pasaka, viatu vimepigwa rangi.

"Hujaenda Ganako?"

"Nimemwomba bibi ruhusa, mama. Glory amesema leo tunapigwa picha ya kadi."

Mtu mwingine angemwita pembeni akamweleza. Mimi nikasema, "Haya, twendeni," nikijua njiani nitapata akili. Tukampitia Junior. Akili sikuipata.

Pale getini kuna chumba cha kupigia picha. Kadi inabandikwa picha ya familia. Mume wangu hakuwepo, kwa hiyo niliwapa picha yake ndogo waiunganishe wenyewe. Nikakaa, nikampakata Brayan, Glory kulia, Junior kushoto. Paskalina akaja akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani. Nikamwambia, "Wewe ngoja kwanza pale." Akasogea ukutani. Alidhani kuna zamu.

Yule binti wa mapokezi akawa anaangalia picha ya mume wangu, anawaangalia watoto. Akacheka.

"Mama, mbona huyu wa ukutani ndiye kafanana na baba kabisa? Pua ile ile! Huyu mdogo wa kushoto sijui kamfuata nani."

Ilikuwa imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa kwamba ukidanganya familia kadi inafutwa na hela hairudi. Nikaona hela yangu inaondoka, na ya mama Junior nitailipa. Na mdomo wangu, huu huu ninaopokelea Ekaristi, ukasema:

"Hapana, huyu siyo wetu. Ni msichana wa kazi."

Nilisema haraka, na nilisema kwa sauti, kwa sababu mwongo huwa anataka asikike.

Paskalina hakulia. Aliniangalia mara moja tu, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri, kisha akashusha macho kwenye viatu vyake.

Yule binti akasema, "Ah, basi vizuri. Wadada wa kazi wanaingia bure kuangalia watoto. Ila haruhusiwi kuingia kwenye maji wala kwenye michezo."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru! Nilifurahi kwamba anaingia bure! Ningeweza kumlipia kiingilio siku ile. Hela ilikuwemo kwenye pochi. Lakini nikishamlipia, yule binti angeniuliza ni mama gani anamlipia msichana wa kazi akaogelee.

Kwa hiyo siku nzima mtoto aliyevaa gauni la Pasaka alizunguka na mataulo. Anamfunga Brayan viatu, anamshikia Junior soda. Junior! Mtoto wa jirani anacheza kwa jina la mume wangu, na mtoto wa ukoo wa mume wangu anamshikia soda. Glory alimvuta mkono waende kwenye slaidi, akamjibu, "Nenda tu, mimi naangalia." Nilisikia. Nikajifanya naongea na simu.

Njiani kurudi nilimwambia, "Paskalina, ile ilikuwa ni kwa ajili ya kadi tu, umeelewa?" Akasema, "Ndiyo." Nikaridhika! Mtu mzima na akili zangu nikaridhika na "ndiyo" ya mtoto anayeangalia dirishani.

Tulienda Jumapili nne zaidi, na mara zote nilimchukua, kwa sababu msaidizi anaingia bure na mimi napumzisha miguu. Tena kadi yenyewe hata thamani haikuwa nayo! Jumapili ya tatu bwawa halikuwa na maji, wakasema pampu. Ya nne, bado pampu. Puto la kurukia likapasuka, likakunjwa kama turubai la msiba. Treni foleni yake unazeeka. Nikawa nawalazimisha watoto waende hata hawataki, Brayan ana mafua, namvalisha sweta twende, ili hela irudi. Ukiuliza irudi wapi, hata mimi sijui.

Nyumbani nako kukabadilika, nami sikuona. Paskalina akaanza kuamka kabla ya wote. Nakuta uwanja umefagiliwa, chai ipo kwenye chupa, viatu vya wenzake vimepangwa mlangoni. Akawa anakula jikoni, anasema kule kuna joto zuri. Karatu na baridi yake ile ya Juni, nikaamini. Nikawa namsifia kwa wateja: "Binti yangu kaanza kukua jamani, siku hizi sisemi, anafanya mwenyewe!" Wateja wananiambia nimelea. Mimi natabasamu na chanuo mkononi.

Kilichonifumbua macho ni mume wangu. Alirudi baada ya safari ndefu kuliko kawaida, tukakaa mezani saa ya chakula cha mchana. Akaangalia viti.

"Paska yuko wapi?"

"Yuko jikoni, anakula huko."

Akamwita. Akaja, anafuta mikono.

"Kaa tule."

"Nitakula nikimaliza kazi, baba mdogo."

"Kazi gani?"

Akanitazama mimi kwanza, kama anaomba ruhusa ya kujibu. Halafu akasema taratibu, bila ubaya wowote, "Si mimi ni wa kazi? Mama Glory alisema kule kwenye michezo."

Mama Glory! Miaka tisa nimeitwa mama, na sikuwa nimegundua ni tangu lini nimekuwa mama Glory. Wiki tano nzima alikuwa ananiita hivyo na mimi naitika!

Nilianza kueleza. Nikaleta na kadi yenyewe. Nikamweleza mume wangu habari ya nafasi tatu, habari ya mama Junior, habari ya nusu bei, naongea mbio mbio, na kila nilivyoeleza hesabu ndivyo nilivyojisikia mwenyewe nikinuka. Yeye aliishika ile kadi akaitazama muda mrefu. Sura yake, sura yangu, Glory, Brayan, na Junior wa vipodozi.

"Siku ya kumzika kaka," akasema, "wazee waliniuliza mbele ya ukoo, huyu mtoto ni wa nani. Nilisema ni wangu. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu, ukaitikia."

Hakupiga kelele. Ningepata nafuu angepiga. Kesho yake asubuhi alimpeleka Ganako na begi lake na daftari zake. Mtoto aliniaga vizuri, akaniambia funguo ya stoo ipo juu ya kabati.

Nilimfuata mama Junior kwa hasira, nikamwambia haya ndiyo matunda ya ushauri wako. Akanijibu huku anapanga losheni, "Mimi nilikwambia umwandike Junior. Sikukwambia umwite mtoto hausigeli."

Ganako siyo mbali, ni mwendo mfupi wa bodaboda. Nimekwenda mara nyingi kuliko nilivyokwenda bustanini. Nimepiga magoti mbele ya bibi. Bibi ananipa chai, ananisikiliza, kisha anasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Sisi hatuna ugomvi na wewe. Mtoto akitaka kurudi, njia anaijua." Na mtoto nimemwambia nisamehe, si mara moja. Anasema, "Nimekusamehe." Anasema kweli, naliona hilo. Hana kinyongo hata kidogo. Hicho ndicho kinachoniua! Angekuwa amenuna ningejua pa kuanzia. Lakini yeye aliniamini tu. Mtu mzima amesema wewe ni nani katika nyumba hii, naye akashika.

Desemba akapata kipaimara. Sherehe ikafanyika kwa bibi, turubai, muziki, pilau, ng'ombe mzima. Nilimshonea gauni jeupe mimi mwenyewe nikilipia kitambaa cha Arusha. Ikafika saa ya utambulisho, mshereheshaji akampa kipaza sauti awatambulishe watu wake. "Huyu ni bibi yangu aliyenilea." Vigelegele. "Huyu ni baba yangu mdogo." Vigelegele. "Hawa ni wadogo zangu, Glory na Brayan." Mimi nimeshashika pindo la kitenge tayari kusimama.

"Na huyu ni mama Glory. Nilikuwa nakaa kwake, nikimsaidia kazi."

Alisema kwa heshima zote. Mshereheshaji asiyejua lolote akadakia, "Kumbe bosi wake naye amekuja! Bosi, simama tukuone! Mpigieni makofi, mabosi wa siku hizi hawaji kwenye sherehe za wafanyakazi!" Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Mume wangu alikuwa anaangalia chini.

Ndugu zangu mnaolea watoto wa ndugu, nawaomba. Kama huwezi kumlipia, mwambie huna hela, atakuelewa, watoto wanaelewa kukosa. Usimpe nafasi yake mwingine kwa sababu eti hayupo. Na usimwite jina la uongo hata kwa dakika moja, hata kwa ajili ya geti, hata ukidhani anajua unatania. Wa kuzaa ukimwambia "wewe siyo wangu" atacheka. Huyu mwingine hatacheka, kwa sababu kuna kona moyoni alikuwa anasubiri siku utakayomwambia hivyo.

Ile kadi bado haijaisha muda. Nasikia bwawa limepata maji.

Nampigia simu Paskalina kila Jumapili baada ya ibada. Anapokea mara moja, "Shikamoo mama Glory," anauliza hali ya wadogo zake, hali ya saluni. Juzi nilimwambia nyumba imekuwa kubwa bila yeye, kwamba namhitaji. Akaniuliza kama bado hatujapata msichana mwingine, au aniulizie mmoja huko Ganako.