Kisu cha Mswaki

Sikuwahi kumwamini abiria anayekaa nyuma ya dereva. Kiti cha mbele kipo, cha nyuma upande wa kushoto kipo, na yeye anachagua pale ambapo simwoni mikono. Mtu wa namna hiyo ana jambo lake.

Katikati ya miaka ya elfu mbili nilikuwa dereva wa teksi Birmingham, zile zinazoagizwa kwa simu. Zamu yangu ilikuwa ya mchana. Kazi tulipewa kwa redio: meneja anataja mtaa, dereva aliye karibu anajibu, na wengine wote wanasikia. Kila Jumanne saa nne asubuhi niliangukiwa na kazi ileile, Mzungu mmoja wa makamo kule Castle Vale. Alikaa nyuma yangu. Hakusema neno zaidi ya salamu. Mkono wake wa kulia haukutoka mfukoni mwa jaketi, hata Julai sisi wengine tukiwa tunavuja jasho. Tena hakutaka kushushwa mlangoni pa mtu. Alishuka kwenye kona ya barabara kuu, akalipa kwa mkono wa kushoto, akasubiri niondoke ndipo atembee. Nilimtazama kwenye kioo mpaka nikakata kona.

Kulikuwa na habari za madereva kuporwa, na mimi habari hizo nilizikusanya zote. Nilipomsimulia mke wangu juu ya mtu yule kwa mara ya tatu, alicheka.

"Wewe bwana, hata maziwa ya dukani wayanusa kabla hujalipa," alisema. "Kama wamwogopa, kwa nini hukatai kazi yake?"

"Simwogopi. Simwamini tu."

Kaka yake hakucheka. Shemeji alikuwa amekuja kututembelea kutoka Ohio, na yeye na mimi tulikua mtaa mmoja Mombasa, watoto wa Kisomali tuliosoma chuo kimoja cha Kurani. Amerika ilikuwa imemnenepesha na kumpa sauti kubwa. Alitoa simu yake, akanionyesha picha za bastola zake mbili zikiwa zimelazwa juu ya kitambaa cha meza.

"Hii ndogo ni ya summer, shemeji, shati jepesi halitoi umbo lake. Hii kubwa inakaa kwenye gari. Ukitaka kuchagua, kwanza ishike. Ikikujaa mkono, hiyo ni yako. Halafu ui-carry nyumbani wiki nzima, uiname nayo, ukae nayo, uone kama inakuchoma kiunoni."

"Na msikitini?"

"Naivua, naifunika na jaketi. Lakini jicho langu liko huko huko."

Nilitaka kumcheka, lakini nasema kweli, nilimwonea wivu. Alikuwa mtu wa kwanza kunielewa. Nilimweleza kwamba huku bastola ni jela, hakuna mjadala. Hata kisu kina masharti yake: kiwe cha kukunja, bapa lisizidi inchi tatu, na lisiwe na kufuli ya kulikaza wima likifunguliwa. Ukitaka kubeba zaidi ya hapo, uwe na sababu nzuri. Na kujilinda si sababu. Ukitamka tu kwamba umekibeba ujilinde, hata kisu kidogo kinageuka silaha.

"Basi utakuwa na sababu," alisema shemeji. "Si unapiga mswaki wa mti? Mswaki unachongwa na nini, na meno?"

Jumamosi mchana tukaenda mjini, kwenye duka la vitu vya kupigia kambi. Mwuzaji alitandaza kitambaa cha kijani akatutolea visu kimoja kimoja. Shemeji alitaka kile kinene chenye kufuli, akakifungua na kukifunga mpaka mwuzaji akaanza kututazama sana. Mimi nikamtazama yeye zaidi. Nilishuku kwamba chini ya meza kuna kitufe cha kuitia polisi. Aliponinyooshea kisu kidogo chenye mpini wa mti, sikukipokea. Nilimwonyesha kwa kidole akiweke mezani, ndipo nikakichukua. Kwetu watu hawapokezani kisu mkononi. Unakiweka chini, mwenzako anakichukua mwenyewe, ama mtagombana. Mama yangu alinifinya sikio kwa jambo hilo kabla sijajua kusoma, na jambo la kufinywa sikio halisahauliki.

Kile cha mpini wa mti kilinijaa mkono. Bapa lilikuwa fupi kuliko kidole changu cha kati, halikuwa na kufuli, na upya wake ulilifanya gumu kukunjika. Nilikilipia nikakitia mfuko wa shati pamoja na mswaki. Njia nzima nilikigusagusa. Shemeji aliporudi kwake wiki ile aliniambia, "Sasa mtu akikuona nacho atakuheshimu."

Nilitaka mtu yule akione. Hili nalisema wazi, kwa sababu baadaye sikulisema.

Jumanne iliyofuata tulikwama Nechells, barabara ikichimbwa, magari yamesimama kimya mbele ya maghala. Nilizima injini. Nikatoa mswaki, nikafungua kisu, nikaanza kuchonga taratibu, juu kabisa kwenye usukani ambapo macho yake hayawezi kukikosa. Maganda yalianguka mapajani. Nilimtazama kwenye kioo na yeye akanitazama. Nilijisikia mwanamume hasa.

"Samahani," alisema kwa upole. "Hicho kitu kinanitia wasiwasi. Unaweza kunipa nikushikie mpaka tufike?"

Akanyoosha mkono wa kushoto kati ya viti.

Hapo nilichanganyikiwa. Sikutazamia adabu. Nilijaribu kukikunja kwa mkono mmoja, kikagoma. Kumpa mkononi sikuweza. Mwili wenyewe ulikataa. Basi nikafanya vile ambavyo ningefanya nyumbani kwa mgeni yeyote: niligeuka, nikapenyeza mkono kati ya viti nikiupita ule wake, nikipeleka kisu nikiweke kitini, karibu na goti lake, akichukue mwenyewe. Kilikuwa bado wazi.

Alipiga kelele. Alijirusha mlangoni, akaufungua, akaangukia lami katikati ya magari yaliyosimama. Mikono yote miwili ilikuwa nje sasa, na ule wa kulia ulikuwa ukitetemeka kuanzia kiwikoni, ukijipigapiga ubavuni mwake. Mfukoni hamkuwa na kitu. Aliushika kwa mkono wa kushoto akijaribu kuutuliza, akajikokota mpaka ukingoni, na dereva wa lori akateremka kumwinua. Nilimwita, nikasema nilikuwa nakiweka tu. Hakugeuka.

Jioni ile meneja alinipigia simu: abiria ameshitaki, njoo ofisini kesho asubuhi. Sikula. Leseni ya teksi hutolewa na halmashauri ya jiji, na meneja akiwapelekea shauri la kisu, leseni imekwenda, na mimi sina kazi nyingine ninayoijua katika nchi hii. Tulikuwa na watoto watatu.

"Waambie yote," alisema mke wangu. "Kwamba ulitaka kumtisha kidogo, na kwamba hukutaka kumdhuru. Yote mawili ni kweli."

"La kwanza likitoka, la pili hawatalisikia."

Alikusanya vyombo ambavyo havikuwa vimetumika akavirudisha kabatini.

Ofisini meneja alikuwa na karatasi mbele yake. Alikuwa mtu wa haki, aliyeanza kama dereva kama sisi. Aliniambia kwamba yule bwana ana ugonjwa wa kutetemeka. Kila Jumanne huenda kliniki, na hushuka mbali na hospitali kwa sababu hapendi watu wajue. Mkono huuficha kwa haya. Mabasi yanamwia vigumu, ameshaanguka mara mbili akipanda, ndiyo maana hutumia gari letu.

Nilimsikiliza na masikio yakanichemka. Kila kitu nilichokishuku kilikuwa na sababu yake, na sababu zote zilikuwa za mtu anayejistiri.

"Anasema ulimchomolea kisu ukamrukia," alisema meneja. "Kweli?"

Nilimweleza habari ya kutopokezana kisu mkononi. Aliitikia kwa kichwa akatabasamu. Alisema hata bibi yake alikuwa na mwiko kama huo. Nikakiweka kisu mezani, nikauweka na mswaki. Alikipima kwa rula.

"Na ulikitoa kwa nini, pale, yeye akiwa ndani? Ulitaka kumtisha?"

"La. Nilikuwa nachonga mswaki."

Ningeweza kuishia hapo, na uongo wangu ungekuwa mmoja. Lakini niliona kalamu yake haijaandika, nikaogopa.

"Pengine ni zile dawa zake," nilisema. "Mtu wa ugonjwa kama ule, huenda anaona vitu visivyokuwepo."

Kalamu ikaandika. Meneja aliikunja karatasi, akanirudishia kisu changu kwa kukisukuma juu ya meza, akasema madereva wake hawatachafuliwa majina na mtu asiyejua anachokiona. Nikamshukuru. Nilimpa mkono, Mungu anisamehe, na nikatoka ngazini nimefurahi.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba yameisha. Aliuliza nimesema nini. Nilimjibu kwamba wameelewa ile mila yetu, naye akasema alhamdulillahi, akanipakulia.

Jumanne iliyofuata nilikuwa nimeegesha Nechells, mita chache kutoka pale barabara ilipokuwa ikichimbwa. Saa nne kasoro dakika chache redio ikalia, na sauti ya meneja ikaingia katika magari yote.

"Yule mtu wa Castle Vale amepiga tena anataka gari. Asipelekewe na yeyote. Anazulia madereva wangu mambo, kichwa chake si kizima. Nijibuni mmoja mmoja kama mmesikia."

Wakaanza kujibu. Wa Sutton Coldfield alisema amesikia. Wa uwanja wa ndege alisema amesikia, akacheka. Nilishika kipaza sauti, kidole changu kiko juu ya kitufe. Kutoka pale mpaka kwake ni dakika kumi, na alikuwa amesimama mlangoni, nina hakika, amevaa jaketi. Meneja alitaja namba ya gari langu. Akaitaja mara ya pili.

"Nimesikia," nikasema.