Miti ya Mteremko

Kila mwaka tarehe ile ikirudi, mtangazaji wa redio ya hapa mjini anasoma habari za "siku kama ya leo". Anasema ndiyo siku wakaazi wa Kamembe walipopanda miti kwenye mteremko unaotazama ziwa, udongo ukaacha kuporomokea nyumba za chini. Anasema watu walifanya kazi kwa furaha. Furaha gani? Mimi nilikuwepo, na ninazima redio.

Mimi ni seremala. Nilikulia Bukavu, nikarudi Rwanda nikiwa kijana, nikaoa, nikajenga. Mama alibaki ng'ambo ya mpaka, Bukavu. Mwaka ule kaka yangu alikuja kumchukua akaishi naye Kinshasa: meli mpaka Goma, halafu ndege. Jumamosi moja kabla ya safari nilivuka kumsaidia kufunga mizigo, nikamwomba kwa mara ya mwisho aje kwangu. Akakataa. Akasema kwangu kila kitu kinaenda kwa saa, hata kupumzika kuna saa yake. Nikapandwa na hasira, nikamwambia, "Basi nenda, na usinitafute."

Maneno hayo nilimwambia mama mzazi. Juma zima niliranda mbao nikiona aibu. Nikaamua Jumamosi niwahi bandarini kabla ya meli ya saa nne na nusu, nimshike mikono, nimwombe msamaha ana kwa ana. Jambo kama hilo halisemwi kwa simu.

Sasa sikia ujinga wangu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huku kwetu ni umuganda, kazi ya pamoja: maduka yanafungwa, moto, zile pikipiki za abiria, na magari hayatembei mpaka saa tano. Mtoto mdogo anajua. Mimi nilihesabu Jumamosi nne, na ile ya nne nilikuwa Bukavu, nikaona umuganda umepita bila mimi. Kumbe mwezi ule ulikuwa na Jumamosi tano! Mke wangu angenikumbusha, lakini alikuwa Gitambi kwao anavuna maharagwe. Kipaza sauti kilipita Ijumaa jioni, na mimi nilikuwa kwenye mashine ya randa, sikusikia kitu.

Basi saa mbili na nusu asubuhi natoka nimevaa shati jeupe na viatu vya kanisani, natafuta moto. Barabara tupu. Nikaanza kushuka kwa miguu kuelekea mpakani, na kwenye kona ya kwanza nikamkuta mkuu wa mudugudu wetu, yaani kijiji chetu, na watu kama thelathini, wana majembe.

"Fundi, unaenda arusi?"

"Mzee, niache nipite. Mama yangu anasafiri."

"Anasafiri, hajafa," akasema, na watu wakacheka. "Kila muntu hapa ana safari yake. Mwezi jana pia hukuonekana."

Ni kweli, sikuonekana. Nilimweleza habari ya meli, nikamweleza habari ya Kinshasa, nikapandisha sauti, nikajiharibia zaidi. Jirani akaninyooshea jembe. Nikalipokea. Mpaka leo sijui kwa nini sikukimbia tu. Mguu kwa mguu ningefika. Niliona haya kukimbizwa mbele ya wateja wangu, mtu mzima.

Nikachimba. Nilichimba kwa hasira mpaka mkuu akasema mashimo yangu ni marefu mno kwa miche ile, yangetosha kuzika mbuzi. Shati likawa jekundu kwa udongo. Saa nne kasoro nikashindwa kuvumilia, nikampigia kaka.

"Uko wapi? Mama anageuka kila taxi ikisimama!"

"Nimezuiwa. Umuganda."

Nikasikia anamweleza. Halafu mama mwenyewe akashika simu.

"Papa," ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "unafanya kazi gani huko?"

"Tunapanda miti, maman. Barabara zimefungwa."

Nyuma yake wapagazi walikuwa wanagombania mizigo.

"Muntu anakatazwaje kuona mama yake sababu ya miti?" akasema, taratibu, bila kunigombeza. "Kama uko na kasirani bado, uniambie tu. Mimi sina."

Hapo ndipo pangetosha maneno mawili, na kwa simu vilevile. Lakini wale thelathini walikuwa wameegemea majembe, kimya, wananisikiliza, na mkuu wa mudugudu ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Nikakohoa.

"Safari njema, maman," nikasema. "Tutaongea."

Hatukuongea. Aliugua siku chache baada ya kufika, sauti ikakauka, na hakumaliza mwezi. Kaka aliniambia alikufa akiamini kwamba nilikataa kuja.