Kiwanja Alichokikataa, Nikakinunua Mimi

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kwamba mkunga mstaafu wa Barani, kule Malindi, amefariki. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulijuana miaka tisa iliyopita, sote tukitafuta kiwanja cha kujenga, na dalali mmoja akatuchukua pamoja hadi Takaungu. Kiwanja chenyewe kilitamanisha: kimeinuka, upepo wapita, chini mwamba, na hati yake haina doa. Ila palikuwa na kibanda, na bibi mmoja ameketi mlangoni akishona makuti. Mimi nilikuwa nikipima kwa hatua mahali sebule itakapokaa. Mwenzangu alikwenda kumwamkia.

"Shikamoo, mama. Mwaishi hapa tangu lini?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu niolewe. Mume wangu amelala pale." Akaonyesha kaburi nyuma ya kibanda.

Dalali akacheka. "Hawa hawana karatasi. Watahama."

"Wahamie wapi?" mkunga akamuuliza. Dalali akainamia simu yake.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Ndugu yangu, mimi pale sitapata usingizi." Nikamwona mtu wa moyo laini mno. Alinunua kiwanja chembamba Barani, bondeni, ambako kila masika maji yalimfikia kizingitini na kuta zikabambuka rangi kwa unyevu. Mimi nikanunua kile cha Takaungu. Sikumfukuza mtu kwa mkono wangu. Dalali alinipigia kunijulisha kwamba sasa ni peupe, nami sikuuliza pamekuwaje peupe. Nilipokwenda kuchimba msingi kibanda hakikuwapo, na kaburi likabaki ndani ya ukuta wa ua wangu.

Yule bibi nilimkuta matangani. Binti wa marehemu alinieleza kwamba mama yake alimtafuta mpaka akampata kwenye chumba cha kupanga mtaani Kisumu Ndogo, huko huko Malindi, na kila wiki alikwenda kumpima presha. Bibi hakunitambua. Alinishika mkono akaniuliza, "Pole, baba. Nawe waishi wapi?"

"Kilifi mjini," nikasema, nisiitaje Takaungu.

Pwani yetu inakatwakatwa viwanja, nasi wanunuzi tumekuwa hodari wa kuuliza. Maji ya kisima yana chumvi? Barabara iko mbali? Hati imekaguliwa? Ni maswali ya haki, na mwenye kujenga asiyeyauliza atajuta. Lakini kabla ya yote aulizwe anayeishi pale, tena aulizwe mapema, moyo ukiwa bado haujapapenda mahali, maana baada ya hapo masikio huziba. Mkunga aliuliza, akasikiliza jibu, akaondoka. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwake na nilisikia kila neno.

Sijakwenda Kisumu Ndogo kumwambia bibi ukweli. Nimeanza kuusema hapa gazetini, kwa kuwa hapa hanitazami usoni.