Mikono ya Gauni la Mama

Mdogo wetu wa mwisho alipotangaza kwamba anaolewa, alitaka kitu kimoja tu: gauni kama lile alilovaa mama siku ya harusi yake. Na alitaka nilishone mimi. Nikamkumbusha kwamba mimi ni fundi wa sare za shule.

"Kaka, gauni ni sare ndefu tu," akasema.

Shida ilikuwa picha. Wazazi walipofariki walituachia moja ya harusi, na mchwa walikuwa wamemla mama kutoka shingoni hadi magotini. Baba walimwacha mzima, pamoja na soksi zake. Dada huyo alishikilia kwamba mikono ya gauni ilikuwa imefura kama maandazi. Ndugu yetu wa kati aliapa ilikuwa ya kubana. Wote wawili hawakuwa wamezaliwa siku ya harusi hiyo.

Studio iliyopiga picha hiyo ilifungwa zamani, lakini nikasikia masanduku yake yalipelekwa maktaba moja mjini Machakos, katika chumba cha vitu vya kale. Niliacha shule darasa la saba ili niwalee hawa wawili, na maktaba sikuwa nimewahi kuingia. Nikavaa koti la kanisani.

Msimamizi wa chumba, mama wa makamo mwenye miwani, aliniambia niache mlangoni kila kitu chenye ncha. Nikatoa mkasi. Nikatoa wembe. Kisha akaona kola ya koti langu, mahali ninapochomeka pini nikiwa kazini. Akazing'oa moja moja huku akiguna.

"Wewe ni fundi ama nungunungu?"

Mzee mmoja aliyekuwa akisoma magazeti ya zamani akacheka mpaka akaambiwa anyamaze.

Nikavaa glavu nyeupe, sanduku likaletwa. Bibi harusi wa kwanza: mikono imefura. Wa pili: mikono imefura. Nikadhani ndio mtindo wa siku zile, hadi nilipoona kiraka cha lesi karibu na pindo. Kila bibi harusi alikuwa nacho, palepale. Mnene, mwembamba, mrefu, wote gauni moja!

"Lilikuwa la studio," mzee akasema kutoka kwenye gazeti lake. "Hata mke wangu alilivaa."

"Liliwatoshaje wote?"

"Angalia zile zilizoharibika."

Katika bahasha ya picha zilizoharibika kulikuwa na maharusi waliopiga chafya na waliogeuka kabla ya wakati. Migongo yao ilikuwa wazi kabisa, gauni limekazwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Na katikati yao, mama. Baba alikuwa amemwambia jambo, naye akageuka akicheka, vibanio viwili vikionekana. Sikuwahi kumwona mama akicheka hivyo.

Halafu ufundi ukanirudia, nikavua utepe wa kupimia shingoni nikaunyoosha juu ya picha.

"Usiguse!" msimamizi akafoka.

"Basi nikupime wewe, mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba. "Una mabega yake kabisa."

Aliangalia mlango, akaona hakuna mtu anayekuja. Akasimama dirishani, akakumbatia kopo la penseli kama maua. Nikapima bega hadi kiwiko.

"Bibi harusi, tabasamu kidogo!" mzee akamwambia.

"Wewe nitakufukuza," akajibu, lakini alitabasamu.

Jioni nikampigia dada simu. Nilimwambia yote, kwamba gauni halikuwa la mama, lilikuwa la kila mtu, na mgongoni lilifungwa kwa vibanio. Nikaogopa kwamba nimemnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho cha mama.

"Na alikuwa anacheka?" akauliza.

"Meno yote nje."

"Basi lishone hilo hilo. Na mikono?"

"Maandazi."

"Nilisema! Sasa kaka, usinibane. Shona kubwa. Tuko na binamu watatu kule Katangi hawajaolewa."